Mate, Damu na Valvu Yenye Kovu

Jino lililopigwa mswaki vizuri halikai tupu. Mtu hajamaliza hata kujifuta uso, protini zilizomo kwenye mate zimeshaanza kujipanga juu ya enameli na kutandika utando mwembamba usioonekana kwa macho. Utando huo si uchafu; ni kinga. Hulilainisha jino, hupunguza ukali wa asidi na huyazuia madini ya jino yasiyeyuke ovyo. Lakini hapo ndipo pia bakteria wanapopata mahali pa kukaa, na wanaotangulia kufika, katika kinywa cha karibu kila binadamu, ni streptokoki.

Hatuzaliwi nao wote. Streptococcus sanguinis, kwa mfano, husubiri meno ya mtoto yaote ndipo ahamie, kwa kuwa anataka kitu kigumu cha kushika. Humfikia mtoto kwa njia ya mate ya wanaomlea. Wapo pia Streptococcus gordonii, Streptococcus mitis, Streptococcus oralis na ndugu zao wengine, ambao madaktari huwaweka katika kundi moja la viridans. Kabla ya kuwashitaki ni haki tueleze wanavyoishi siku zote, maana kwa sehemu kubwa ya maisha yetu hawatudhuru. S. sanguinis hutengeneza haidrojeni peroksaidi inayowabana bakteria wa kuozesha meno, na kinywa chenye S. sanguinis wengi mara nyingi ndicho chenye meno mazima. Hawa si wageni waliovamia. Ni wenyeji wetu.

Tatizo lao kubwa ni kusombwa. Mate hutiririka usiku na mchana, ulimi unafuta, chakula kinasugua, na kila tunapomeza, mamilioni ya bakteria hushuka tumboni na kuishia huko. Kwa kiumbe mdogo kiasi hicho, kuishi kinywani maana yake ni kung'ang'ania; asiyeshika humezwa. Streptokoki wamekuwa mafundi wa jambo hili moja. Juu ya ngozi ya S. gordonii kuna protini ndefu, yenye asidi za amino zaidi ya 2,000, ambayo sehemu yake kubwa ni kama mpini tu: asidi ya amino iitwayo serini inajirudia tena na tena, imefunikwa sukari, imesimama wima kutoka kwenye mwili wa bakteria. Kazi yenyewe iko nchani. Pale nchani pana mfuko mdogo uliokatwa kwa kipimo cha sukari fulani, asidi ya sialiki, ambayo huning'inia kwenye musini, yaani zile protini zinazoyafanya mate yawe na utelezi. Bakteria anagusa utando wa mate, mfuko unakutana na sukari, na hapo ameshika.

Mpaka hapa ni habari ya meno. Inageuka kuwa habari ya moyo kwa sababu asidi ya sialiki haipo kwenye mate peke yake.

Ndani ya damu yetu zinasafiri chembe sahani, vipande vidogo vya seli ambavyo kazi yake ni kuziba majeraha. Kila chembe sahani ina protini juu yake inayojulikana kama GPIb. Mshipa ukikatwa, protini hiyo ndiyo inayonasa kwenye ukingo wa jeraha hata damu ikiwa inakwenda kasi, na chembe nyingine zikafuata, mpaka donge likafanyika na damu ikakoma. Protini hiyo imejaa sukari, na kwenye ncha za sukari hizo imo asidi ya sialiki, imepangwa kwa mtindo unaofanana mno na ule wa musini ya mate. Mfuko uliotengenezwa kwa ajili ya kushika mate unaingia hapo bila shida. S. gordonii akiwa ndani ya damu hahitaji silaha mpya ili aushike moyo kupitia chembe sahani zilizonata mahali palipochubuka. Anatumia ileile aliyokuwa akiitumia kwenye jino.

Nakiona hiki kuwa kiini cha ugonjwa mzima, yaani uambukizo wa valvu, zile milango ya moyo, na kimethibitishwa kwa namna ya kupendeza. Maabara ya Paul Sullam kule San Francisco kwa miaka mingi imekuwa ikichunguza aina moja ya S. gordonii iliyopatikana kwa mgonjwa wa moyo. Watafiti hao, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, walipiga picha ya umbo la ile ncha kwa miale ya eksirei, wakauona mfuko, kisha wakabadilisha asidi ya amino moja tu iliyokuwa ukutani mwa mfuko huo. Moja kati ya maelfu. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2011 yalionyesha kwamba bakteria aliyebadilishwa alishindwa kushika chembe sahani za binadamu kama zamani, na alipotiwa kwenye damu ya panya wenye valvu zilizokwaruzwa, uambukizo wa moyo ulipungua sana. Bakteria ni yuleyule, anakua vilevile, anakula vilevile. Kilichopotea ni mshiko.

Sasa swali ni jinsi anavyotoka kinywani na kuingia kwenye damu, na hapa ndipo imani nyingi za watu, pamoja na za baadhi ya madaktari, zilipokosea kwa muda mrefu. Fikra ya kwanza ni kung'oa jino: kuna damu, kuna tundu, basi mlango umefunguka. Mwaka 1935 Okell na Elliott, wakiandika katika jarida la Lancet huko Uingereza, walieleza walivyochukua damu ya wagonjwa 138 mara tu baada ya kung'olewa meno na kuiotesha. Asilimia 61 walikutwa na streptokoki kwenye damu. Takwimu hiyo ilisomwa na kila mtu. Kilichosomwa haraka haraka ni kwamba katika utafiti uleule, watu wenye fizi mbovu ambao hawakuwa wamefanyiwa lolote, karibu mmoja kati ya kila tisa, walikuwa tayari na bakteria ndani ya damu. Hakuna koleo lililokuwa limegusa kinywa chao.

Ufizi hukutana na jino kwa ngozi nyembamba sana. Ukoga ukikaa hapo muda mrefu na kugeuka ugaga, ngozi hiyo huvimba, hulegea, huchimbika vidonda vidogo visivyouma, na mishipa ya damu inakuwa karibu kabisa na bakteria. Mtu akitafuna nyama ngumu au muwa, jino hucheza kidogo ndani ya kishimo chake na kuwasukuma bakteria ndani. Mwaka 2008 kundi la watafiti wa Charlotte, North Carolina, likiongozwa na daktari wa meno Peter Lockhart, lilitoa matokeo ya utafiti wa watu 290. Waliong'olewa jino bila kupewa dawa, asilimia 60 walikutwa na bakteria wa aina inayoweza kuushambulia moyo. Waliong'olewa baada ya kumeza amoksilini, asilimia 33. Waliopiga mswaki tu, asilimia 23. Ukitazama kwa haraka, kung'oa ndiko kubaya zaidi. Lakini jino mtu hung'olewa mara chache maishani, na mswaki hupigwa kila siku, tena mara mbili. Hesabu ya mwaka mzima inageuka kabisa.

Mtu asije akasoma sentensi hiyo na kuuweka mswaki wake kando. Kundi lilelile liliporudi kuwachunguza waliopiga mswaki, liligundua kwamba waliotokwa na damu kwenye fizi zote baada ya kupiga mswaki walikuwa na uwezekano wa karibu mara nane zaidi wa kuwa na bakteria kwenye damu kuliko wengine. Kosa si la mswaki. Ni la fizi zilizoachwa mpaka zikawa zinavuja kila zikiguswa. Na fizi hizo zinapona kwa kusafishwa, iwe kwa brashi ya dukani au kwa kijiti cha mti wa mswaki ambacho wazee wa pwani hawajakiacha hadi leo, kisha kuondolewa ugaga na mtaalamu pale ulipokwisha kuwa mgumu.

Kama bakteria huingia kwenye damu zetu mara nyingi hivyo, mbona wengi wetu hatuugui? Kwa sababu ini na bandama huwachuja kwa dakika chache, na kwa sababu moyo mzima hauna pa kushikwa. Sehemu ya ndani ya moyo na valvu zake imefunikwa safu moja ya seli laini, safi, ambayo chembe sahani hazinati juu yake. Valvu ya mitrali hufunguka na kufunga mara 100,000 hivi kwa siku bila kukusanya kitu. Ili ugonjwa uanze, lazima safu hiyo iwe imeharibika. Pakishachubuka, mwili wenyewe hutuma chembe sahani na nyuzi za fibrini kuja kuziba, na kibonge kidogo kisicho na mdudu yeyote kinakaa juu ya valvu. Kinaweza kukaa hapo miaka bila madhara. Lakini ni kituo kilichojaa asidi ya sialiki, kinachomngoja mpitaji.

Kinachoharibu valvu za watu wetu zaidi ni streptokoki mwingine kabisa, na hawa wawili watu huwachanganya. Huyu mwingine ni Streptococcus pyogenes, wa kooni, anayewaletea watoto mafindofindo. Yeye haendi moyoni. Anachofanya ni kuuchokoza ulinzi wa mwili hadi ukaugeukia moyo wenyewe, na kwa watoto wengine, hasa wa kati ya miaka 5 na 15 wanaougua koo mara kwa mara bila kutibiwa, valvu hubaki na makovu, zikawa nene, nyembamba mlangoni, au zisizofunga sawasawa. Huu ndio ugonjwa wa moyo wa rumatiki. Watu zaidi ya milioni 40 duniani wanaishi nao, na katika wodi za moyo za Dar es Salaam, Nairobi na Kampala bado ndio unaowapeleka vijana wengi kwenye upasuaji wa valvu. Streptokoki wa kinywani anakuja miaka baadaye na kukuta kazi ya kuharibu imeshafanywa.

Na hatui popote pale. Mto unapopita kwa kasi kwenye upenyo wa mawe, takataka hazibaki pale maji yanapokimbia. Hukusanyika nyuma ya jiwe, maji yanapozunguka polepole. Mtafiti Simon Rodbard alilionyesha jambo hilo mwaka 1963 kwa jaribio rahisi: alipitisha hewa yenye bakteria kwenye mrija wenye sehemu nyembamba, akakuta makundi yameota mara tu baada ya wembamba ule, upande wa mgandamizo mdogo. Ndivyo ilivyo moyoni. Valvu ya mitrali inayovuja huota uambukizo upande wa chumba cha juu, kule damu inakorudi kinyume. Valvu ya aota inayovuja huota upande wa chumba cha chini.

Kinachoota huko ni kitu cha kutisha kikitazamwa kwa karibu. Bakteria akishashika kibonge, huziita chembe sahani nyingine, nazo zinakuja na kumfunika. Fibrini inatandazwa juu. Bakteria anagawanyika ndani. Tabaka linaongezeka juu ya tabaka. Chembechembe nyeupe za ulinzi hazipenyi, kwa kuwa donge ni zito na valvu yenyewe haina mishipa ya damu ya maana. Gramu moja ya donge hilo inaweza kubeba bakteria bilioni na zaidi. Mwili umewajengea nyumba kwa vifaa vyake wenyewe. Na nyumba hiyo imeng'ang'ania kipande cha nyama kinachopigapiga bila kupumzika, kwa hiyo vipande hukatika na kwenda na damu: kwenye bandama, kwenye figo, na kwenye ubongo, ambako huleta kiharusi kwa kijana wa miaka 25.

Mgonjwa mashuhuri kuliko wote ni Gustav Mahler, mtunzi na kiongozi wa okestra kutoka Vienna. Alikuwa mtu wa kuugua mafindofindo mara kwa mara, na mwaka 1907 madaktari waligundua kwamba valvu yake ya mitrali ni mbovu. Februari 1911 alikuwa New York, ana homa isiyoisha, lakini tarehe 21 alisimama mbele ya okestra Carnegie Hall. Hakusimama tena. Daktari wake alimwita Emanuel Libman wa hospitali ya Mount Sinai, aliyekuwa bingwa wa ugonjwa huu, na Libman akamtuma msaidizi wake kijana, George Baehr, mpaka hotelini kwa mgonjwa. Baehr alichukua mililita 20 za damu mkononi mwa Mahler. Nyingine aliitia kwenye chupa za mchuzi wa kuotesha bakteria, nyingine akaichanganya na jeli na kuimimina kwenye sahani za Petri pale pale kando ya kitanda. Baada ya siku nne au tano sahani zilikuwa zimejaa makundi ya bakteria, wote wa aina moja: streptokoki.

Mahler alitaka aambiwe ukweli, akaambiwa. Alivuka bahari kwenda Paris, damu ikaoteshwa tena na jibu likawa lilelile, kisha akapelekwa Vienna, akafa tarehe 18 Mei 1911, akiwa na umri wa miaka 50. Miaka miwili tu nyuma yake, daktari Thomas Horder wa London alikuwa amechapisha uchambuzi wa wagonjwa 150 na kubainisha kwamba streptokoki wa damu zao walifanana na wale wa kinywani. Kwa hiyo madaktari wa Mahler walimjua adui, wakamwona kwa macho yao kwenye sahani, na hawakuwa na chochote cha kumpa.

Dawa ilikuja mwaka 1944, daktari Leo Loewe alipoeleza huko Brooklyn kwamba wagonjwa wake saba wametibiwa kwa penisilini. Wengine walikuwa wameijaribu kabla yake na kukata tamaa, kwa kuwa walitoa dozi ndogo kwa siku chache. Loewe aliitoa kwa wingi, kwa dripu, mfululizo. Siri iko kwenye lile donge: bakteria walio katikati yake wamelala, hawagawanyiki, na penisilini huua wanaojenga ukuta mpya. Ndiyo maana hadi leo matibabu ya kawaida ni sindano za mshipa kwa wiki nne hivi, na ndiyo maana homa kushuka siku ya tatu si ruhusa ya kwenda nyumbani.

Katika nchi zetu, mgonjwa wa namna hii mara nyingi hupotelea njiani kabla ya kufika kwa anayemjua. Ana homa za jioni, jasho la usiku, anakonda. Amepimwa malaria, ametibiwa taifodi, na kila mara ameongezewa vidonge vya antibiotiki kutoka duka la dawa, vinavyoishusha homa wiki moja na kuiachia irudi. Anapofika hospitali kubwa, damu yake haioti kitu, kwa kuwa vidonge vimewapunguza bakteria waliomo kwenye damu lakini havikuwagusa walio ndani ya donge. Daktari anabaki anakisia. Mtu mwenye valvu mbovu au aliyewekewa valvu akipata homa ya zaidi ya siku chache isiyo na sababu, anastahili damu ichukuliwe mara tatu, kwa michomo tofauti, kabla ya kidonge cha kwanza, kisha apimwe moyo kwa eko, yaani picha ya mawimbi ya sauti. Kucha zake zitazamwe pia: vistari vyekundu vyeusi chini ya kucha, au vinundu vinavyouma kwenye ncha za vidole, ni vipande vya lile donge na hasira ya mwili dhidi yake, na kuvitazama hakuhitaji umeme wala pesa.

Kuhusu kinga, wakubwa wenyewe hawakubaliani. Tangu 1955 Chama cha Moyo cha Marekani kilishauri antibiotiki kabla ya kazi za meno kwa yeyote mwenye kasoro ya valvu. Mwaka 2007 kikapunguza orodha: waliowekewa valvu bandia, waliowahi kuugua uambukizo huu, baadhi ya waliozaliwa na kasoro kubwa za moyo, na baadhi ya waliopandikizwa moyo. Mwaka uliofuata Uingereza ikaenda mbali zaidi na kushauri isitolewe kabisa, ingawa baadaye ikalegeza maneno. Hoja yao nimeieleza hapo juu: kidonge cha siku moja hakiwezi kumlinda mtu ambaye fizi zake zinavuja siku zote. Naikubali. Lakini orodha hizo ziliandikwa na nchi ambazo ugonjwa wa rumatiki umekaribia kutoweka, na sioni kwa nini tuzichukue kama zilivyo. Australia, ambayo ina ugonjwa huo miongoni mwa wenyeji wake wa asili, imewaingiza wenye moyo wa rumatiki kwenye orodha yake. Sisi tuna sababu kubwa kuliko wao.

Lipo jambo moja linalosahaulika kliniki. Mtoto mwenye rumatiki huchomwa sindano ya benzathini penisilini kila baada ya wiki tatu au nne, kwa miaka. Sindano hiyo inamlinda na streptokoki wa kooni. Hailindi valvu yake na wa kinywani. Hao wamekaa na penisilini kidogo kidogo muda mrefu, na baadhi yao huweza kuwa sugu kwake. Siku akienda kung'olewa jino, amoksilini aliyoizoea daktari inaweza isifanye kazi, na miongozo inamtaka achague dawa ya kundi jingine, kama azithromaisini. Daktari wa meno hawezi kulijua hilo kwa kutazama kinywa. Mzazi aichukue kadi ya sindano na kumwonyesha kabla mtoto hajakaa kwenye kiti.